Maswali yenu: kareli ka mlimani kule Virginia na picha zake

Toleo lililopita tulitoa picha moja tu, ile ya farasi ameinamisha kichwa wakati treni ya mvuke inaingia stesheni ya Green Cove, jimbo la Virginia, Marekani, mwaka 1956, mpigaji O. Winston Link. Sikutegemea kama ingewagusa kiasi hicho, meseji zimekuja mpaka zingine bado sijazifungua. Yanayofanana nimeyaunganisha, mengine nimeyapunguza urefu, mnivumilie.

Kaka habari za kazi. Ile picha ya farasi nimeikodolea macho wee mpaka mke wangu akauliza kuna nini humo. Naomba unieleze hiyo reli ilikuwa inatoka wapi inaenda wapi, na kwa nini mpiga picha mzima wa New York ahangaike na kareli ka kijijini wakati njia kubwa zipo? – Mpenda Treni

Nzuri kaka, na shemeji mwambie ana haki ya kuuliza. Hiyo ni njia ya tawi, kwenye vitabu vya kampuni iliitwa Abingdon Branch, mali ya kampuni ya reli ya Norfolk and Western. Inaanzia mji wa Abingdon kusini magharibi mwa Virginia, inakwenda hadi Damascus bila makeke sana, halafu hapo Damascus ndo kazi inaanza, manake inabidi ipande karibu mita 500 ndani ya kilomita zisizofika 30, bonde lenyewe jembamba, mto unakata kushoto reli inakata kulia wanavukana tena na tena, ndo maana ilijaa madaraja ya mbao kila kona. Juu kabisa kuna stesheni ya White Top, futi zaidi ya 3,500, yaani kama mita 1,090 hivi, kisha inateremka kuingia North Carolina inaishia West Jefferson. Yote kwa pamoja maili kama 55, sawa na kilomita 88.

Haikujengwa kwa ajili ya watalii wala mandhari. Waliokuwa wanaitaka walikuwa wanawaza chuma na magogo, hasa magogo, ile milima ilikuwa na miti ya kutisha. Damascus ilifikiwa mwaka 1900, baadaye ikasukumwa mbele mpaka Elkland kule North Carolina, ila misitu ilipokwisha kukatwa kile kipande cha mwisho kikakosa kazi na mwaka 1933 wakakiondoa, njia ikabaki inaishia West Jefferson. Kwa hiyo Link anafika miaka ya 1950 anakuta reli ambayo kazi iliyoizaa imeshaondoka. Kilichobaki ni treni moja mseto, mabehewa ya mizigo pamoja na ya barua na abiria, inakwenda na kurudi kila siku isipokuwa Jumapili, taratibuuu.

Sasa kwa nini yeye. Norfolk and Western ilikuwa kampuni kubwa ya mwisho Marekani kung'ang'ania mvuke, wenzake wote walishahamia dizeli au wako njiani. Link alikuwa anaishi kwa kupiga picha za matangazo, Januari 1955 akawa kikazi maeneo hayohayo ya Virginia, jioni akaenda kuchungulia treni mji wa Waynesboro na ndo ikawa basi tena. Akaiomba kampuni ruhusa, wakamfungulia milango, lakini hela ya filamu, balbu na safari ilitoka mfukoni mwake, na akaendelea hadi 1960 mvuke ulipozimwa. Njia kubwa alizipiga pia, tena sana, na nyingi usiku. Ila pale kwenye tawi treni ilikuwa inapita mchana, kwa hiyo picha zake nyingi za kule ni za mchana, zina utulivu fulani ambao zile za usiku hazina.

Mi naona (na hapa mtanibishia) ile ya farasi inazishinda zote za usiku. Jicho linakwenda kwanza kwa farasi, Maud ndo jina lake, amefungwa kwenye mkokoteni, halafu stesheni, halafu ndo unagundua kumbe kuna treni inakuja. Wapenda treni wengi tungeanza na kichwa cha treni tukamaliza nacho, farasi tungemwambia mwenyewe amsogeze anatuharibia fremu.

Mambo vipi. Nikipiga treni ya mvuke inatoka doa jeusi na moshi mweupe uliochomeka, hakuna kinachoonekana katikati. Halafu wewe unasema huyo jamaa alipiga usiku!! Usiku aliona nini? – Doa Jeusi

Poa. Shida yako ya kwanza ni kwamba kichwa cha treni kimepakwa rangi nyeusi na kimejaa masizi, kinakula mwanga, na juu yake kuna mvuke mweupe unaorudisha mwanga wote, sasa kamera inajaribu kuwaridhisha wote wawili inaishia kumridhisha hakuna. Ukiongeza na bonde la mlimani ndo balaa, nusu ya fremu iko kwenye kivuli nusu iko kwenye jua kali.

Link alisema jambo la kweli kabisa kuhusu hili, kwamba jua huwezi kulihamisha na reli nayo huwezi kuihamisha, kwa hiyo akaamua kuja na mwanga wake mwenyewe. Usiku kwake ulikuwa kama studio, hakuna mwanga wowote ambao yeye hajauweka. Alisomea uhandisi wa ujenzi na inaonekana, alijitengenezea mtambo wa betri na kondensa (kifaa kinachohifadhi umeme na kuuachia kwa mpigo) wa kuwasha balbu nyingi za fleshi kwa pamoja, sambamba na shata. Balbu za wakati ule zinawaka mara moja tu, baada ya hapo ni takataka. Na alizifunga kwenye waya mmoja zikifuatana, yaani moja ikiwa mbovu au kiungo kimoja kimelegea hakuna itakayowaka hata moja. Unaweza kusema huo ni ujinga lakini fikiria, afadhali uikose picha kabisa na balbu zako zibaki salama kuliko zote ziungue halafu upate picha yenye shimo jeusi katikati, na treni hairudi nyuma kukusubiri. Siku nzima yeye na msaidizi wake wanatandika nyaya, wanapanga vioo vya kurudishia mwanga, usiku treni inapita, pah, imeisha.

Wewe huna haja ya kufika huko. Mwanga wa pembeni, asubuhi na mapema au jioni jua likiwa chini, hapo ndo vyuma vya pembeni na magurudumu vinajitokeza, jua la saa sita mchana linapiga juu ya boila tu na chini kote kunabaki giza. Ila mlimani kuna kitu kinawashinda wengi, ramani na programu ya simu inakwambia jua linachomoza saa fulani lakini bondeni linafika baadaye sana na linaondoka mapema, mlima umekaa mbele yake, kwa hiyo nenda siku moja kabla ukaangalie mwenyewe mwanga unafika saa ngapi pale ulipochagua. Pima mwanga kwa kuulinda ule mvuke usiungue kabisa, na uhifadhi faili ghafi (RAW), kweusi unaweza kukunyanyua baadaye lakini mweupe ulioungua haurudi. Kukiwa na baridi ndo vizuri zaidi, mvuke unakuwa mnene. Na simama upande ambao treni inapanda, kichwa kinapovuta mlima kinatoa moshi na mvuke wa maana, kikishuka kinateleza tu hakina hata hamu ya kupigwa picha.

Spidi ya shata msihangaike nayo sana, treni ya mlimani haina mbio, 1/250 ya sekunde inatosha mara nyingi kama haijakukaribia sana pembeni. Fleshi usiku msipige bila kuongea na wenye reli, dereva ukimmulika machoni gizani umemweka hatarini yeye na wengine, Link alikuwa na ruhusa na watu wa treni walijua yuko wapi. Na kutembea juu ya reli inayotumika au kupanda daraja lake kwa ajili ya pembe nzuri, hapana jamani, hapo sina la kujadili.

Samahani mwandishi lakini mbona mnamsifia sana, nimesoma kwamba alikuwa anapanga watu na vitu. Huo si uongo? Picha ya kumbukumbu ikipangwa bado ni kumbukumbu? – Mkweli

Swali zuri na usiombe samahani. Ni kweli alipanga, hakuwahi kuwa mtu wa kuvizia. Aliwaweka watu aliotaka mahali alipotaka, aliwaambia waangalie wapi. Picha yake maarufu kupita zote ilipigwa mwaka 1956 mji wa Iaeger, West Virginia, ni sinema ya wazi ile ya kuangalia ukiwa ndani ya gari, vijana wawili wamekaa kwenye gari la wazi, kwenye skrini kuna ndege na nyuma treni inapita na moshi wake. Ndege ile iliongezwa wakati wa kusafisha picha, kwa sababu zile balbu zake zilikuwa na mwanga mkali kiasi kwamba skrini yenyewe ilifutika ikawa nyeupe tupu. Alipiga pia picha ya skrini peke yake akaja kuziunganisha.

Mi nalitazama hivi. Treni ilikuwa ya kweli, ni ileile ya kila siku, watu ni wakazi wa palepale, sinema ni ya kweli na kwenye skrini kulikuwa na picha. Alichopanga ni mkao. Mpiga picha wa harusi naye anapanga na hakuna anayesema bibi harusi ni wa uongo. Pale unapotakiwa kuwa macho ni kwingine, kwenye kile alichochagua kutokuonyesha. Ukikaa na picha zake nyingi kwa pamoja unaanza kuona kijiji kisafi mno, watu wametulia mno, kama vile hakuna mtu aliyewahi kuanua nguo kambani akazikuta zina masizi. Alikuwa anakiaga kitu alichokipenda, na mtu anayeaga hasemi mabaya. Kwa hiyo ukitaka kujua mvuke ulifananaje mbele ya kijiji usiku, mwamini. Ukitaka kujua maisha ya fundi wa kuchochea moto, joto lile, mgongo ule, tafuta na maelezo ya watu waliofanya kazi hiyo, picha zake pekee hazitakutosha.

Swali lako la farasi uliloandika mwisho, kama naye aliambiwa ainame. Farasi wa mkokoteni akisimama kusubiri anainama mwenyewe, kinachopangwa ni wewe kuwa tayari wakati anainama.

Hiyo njia bado ipo? Nikipata nafasi ya kwenda Marekani nataka kufika. – Dada wa Safari

Reli haipo dada yangu. Mvuke uliondoka kwenye tawi 1957 dizeli ikachukua, mizigo ikazidi kupungua, malori yanafika mlangoni na reli haifiki, treni ya mwisho ilipita tarehe 31 Machi 1977. Wakang'oa vyuma. Ila tuta halikuachwa liote miti, miaka ya 1980 upande wa Virginia ukageuzwa njia ya kutembea na baiskeli, Virginia Creeper Trail, maili 34 kutoka Abingdon hadi karibu na mpaka wa North Carolina, kupitia madaraja yaleyale na kupitia Green Cove ambako jengo la stesheni lilibaki limesimama.

Lakini Septemba 2024 mabaki ya kimbunga Helene yalipiga ile milima, mto ulipanda ukabeba madaraja na vipande vya tuta kati ya Damascus na White Top, kile kipande kizuri kuliko vyote. Upande wa chini, Abingdon hadi Damascus, ndo uliopona. Kabla hujakata tiketi angalia hali ya njia ikoje kwa wakati huo. Na ukifika beba kamera hata kama treni hakuna, piga nguzo za mawe zilizokuwa zinashika daraja, piga pale mlima ulipokatwa ili reli ipite, utaona kona zilivyokuwa kali na utaelewa kwa nini treni ilikuwa inajikongoja. Simama pembe ileile ya picha ya zamani kama unaweza kuitambua, usipige bondeni kwa ujumla tu, piga na kitu kimoja kisichohama kama jengo au mwamba, ili mtu akiziweka mbili pamoja ajue ni hapohapo.

Shikamoo. Mjomba wangu alifanya kazi reli miaka mingi, njia ya milimani kama hiyo, ameniachia boksi la negativu na slaidi na picha zilizosafishwa, zingine zimekuwa nyekundu, kuna filamu zinanuka siki kabisa. Nianzie wapi? – Mpwa

Marahaba mwanangu. Hii ndo barua iliyonifurahisha kuliko zote.

Zinazonuka siki zitenge leo, usisubiri wikiendi. Ni filamu za asetati (aina ya plastiki) zinaanza kuoza, na ule mvuke wake unazisukuma na zingine zioze haraka. Zitoe kwenye mikebe iliyofungwa na mifuko ya plastiki, ziweke mahali penye ubaridi na pakavu, na hizo ndo ziende skani kwanza kwa sababu zitajikunja na baadaye hazitanyooka tena. Nyekundu ni slaidi ambazo rangi zake zingine zimekimbia, aina nyingi za zamani ziko hivyo, isipokuwa Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, ambayo ikihifadhiwa gizani inadumu ajabu. Hizo nyekundu ukiziskani rangi inaweza kurudishwa kwa kiasi kwenye kompyuta. Usizitupe kabisa. Na usiitupe negativu eti kwa sababu umeshaiskani, skani ya leo baada ya miaka itaonekana duni, negativu bado itakuwa na vitu ambavyo skana yako haikuviona.

Sasa sikiliza hapa ndo kuna kazi yenyewe. Picha ya treni bila maelezo ni treni tu. Tafuta watu waliofanya kazi na mjomba wako wakati bado wapo, kaa nao, weka picha mezani, washa rekoda ya simu uwaache waongee. Usiwaulize hii ni treni gani, watakujibu namba na wataishia hapo. Waulize huyu aliyesimama hapa anasubiri nini, barua zilikuwa zinashushwa na nani, mvua kubwa ikinyesha mlikuwa mnafanyaje pale kwenye daraja, nani alikuwa anajua saa ya treni bila saa. Mzee mmoja atamsahihisha mwenzake na hapo ndo utapata vitu ambavyo havijaandikwa popote. Andika kwa penseli laini nyuma ya picha iliyosafishwa, pembeni, usibonyeze kwa kalamu ya wino maana itatokea mbele. Negativu na slaidi zenyewe usiziandike, zipe namba kwenye bahasha ya karatasi na namba ileile kwenye daftari. Mahali, mwaka hata kama ni wa kukisia (andika kwamba unakisia), treni inaelekea upande gani, namba ya kichwa kama inasomeka, na nani amekwambia.

Picha za mjomba ambazo hazina treni kabisa, za ofisi ya stesheni, za watu wanapakua magunia, ratiba iliyobandikwa ukutani, hizo ndo adimu. Vichwa vya treni vilipigwa na kila mtu. Mizani ya vifurushi hakuna aliyejali kuipiga.

Je sauti nayo inahifadhiwa? Mi nakumbuka zaidi honi kuliko sura ya treni. – Sikio

Inahifadhiwa, na Link alikuwa na wazo kama lako. Alibeba mashine ya kurekodi akatoa na santuri za sauti za treni. Usiku wa mkesha wa Krismasi 1957 alikuwa Rural Retreat, mji ulioko kwenye reli kuu ya kampuni hiyohiyo, Virginia hukohuko kusini magharibi, akarekodi kengele za kanisa zikipiga nyimbo za Krismasi na treni ya mvuke inakuja, inasimama, inaondoka, moja ya mvuke za mwisho kupita pale. Isikilize kwa hedifoni, utasikia inavyohangaika kushika reli ikianza kuondoka. Wewe simu yako inatosha, ila ifunike dhidi ya upepo, iweke chini mahali imara usiishike mkononi, na anza kurekodi mapema sana kabla treni haijasikika, kwa sababu mlimani sauti inakuja na kupotea nyuma ya kona mara kadhaa kabla treni yenyewe haijaonekana. Na funga mdomo, ndo sehemu ngumu.

Hivi kile kichwa cha treni cha kwenye picha kilikuwa aina gani na kuna hata kimoja kilichobaki? – Fundi

Ni vichwa vya aina M vya Norfolk and Western, vilitengenezwa 1906 na 1907, magurudumu manne madogo mbele halafu manane ya kuvuta, wenyewe waliviita Mollie. Hadi Link anavipiga vilikuwa na miaka hamsini, vizee kabisa. Viwili vipo. Namba 433 imeegeshwa Abingdon pale njia ya baiskeli inapoanzia, haiwaki, lakini unaweza kuikaribia kabisa ukapiga picha bila haraka. Namba 475 ndo bado inapumua, iko Strasburg, Pennsylvania, inavuta mabehewa ya wageni kwenye reli fupi kati ya mashamba, huko ni tambarare. Ukitaka moshi wa mlimani huko hautaupata, ila ukitaka kujua mvuke wa Mollie unanukaje, ni hapo. Na picha zenyewe za Link zina makumbusho yake Roanoke, Virginia, yalifunguliwa 2004 ndani ya stesheni ya zamani ya abiria ya kampuni ileile.